Je, Mbegu ni Bidhaa kama Bidhaa Nyingine?

Methali yasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa chungu neno hili ni kweli, maana mnunuzi hukigonga kwa kidole akasikia mlio wake. Lakini mbegu haina mlio. Punje iliyo hai na punje iliyokufa zafanana machoni. Hata nafaka ya sokoni ikipakwa rangi yaweza kuuzwa kwa jina la mbegu. Mkulima huijua tofauti baada ya mvua kunyesha, na hapo msimu haurudi tena.

Basi, yampasa nini auzaye mbegu? Wengine hujibu: Asidanganye, yatosha. Lakini jibu hili ni fupi mno. Mahindi chotara huzaa sana mwaka wa kwanza. Punje zake zikipandwa tena, nguvu hupungua. Mwuzaji asifuye mavuno, akanyamaza habari ya mwaka wa pili, hakusema uongo. Walakini amemtwika maskini gharama asiyoijua. Tena maharage, kama yale ya Lyamungu 90, hujichavusha yenyewe, na mkulima aweza kuchagua yaliyo safi akayapanda misimu kadhaa. Kumficha jambo hili ili arudi dukani ni kumnyang'anya kilicho chake.

Tanzania ilitunga Sheria ya Mbegu mwaka 2003, na taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu ina makao yake Morogoro. Wakulima wadogo nao huruhusiwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zikakaguliwa, wakawauzia majirani. Njia hii ni njema, kwa kuwa akaaye mwisho wa barabara hufikiwa mwisho na maduka ya mjini, pengine mvua zikiwa zimekwisha kuanza.

Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba, wala ujirani peke yake hauoteshi punje. Kwa hiyo auzaye na ahesabu punje 100, azilaze katika kitambaa chenye unyevu, azitazame siku chache, kisha ahesabu zilizochipua. Hesabu hiyo na amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha, hata ikiwa ndogo. Maana mwenziwe hanunui kibaba cha punje tu. Anunua chakula cha watoto wake cha mwaka mzima, naye ana haki ya kujua anunuacho.