Amana ya Majina: Wajibu wa Mgonjwa na Mipaka ya Serikali za Mitaa Wakati wa Mlipuko

Mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza huzua swali ambalo dawa peke yake haiwezi kulijibu: je, mtu aliyeugua ana wajibu wa kuwataja mbele ya mamlaka wale wote aliokula nao, waliomuuguza na walioshiriki naye mazishi, na kama wajibu huo upo, mamlaka nayo inawiwa nini na yeye pamoja na hao aliowataja? Swali hili ni la maadili na la dini kabla halijawa la utawala, kwa kuwa linagusa siri ya mtu, uhai wa jirani na uhalali wa nguvu ya dola kwa wakati mmoja.

Kazi inayozungumziwa hapa ni ufuatiliaji wa watu waliotangamana na mgonjwa, yaani kuwatambua wote waliokutana naye kwa namna inayoweza kuwaambukiza, kuwaorodhesha, na kuwajulia hali kila siku hadi upite muda ambao ugonjwa ungeweza kujitokeza. Machi 21, 2023 Serikali ya Tanzania ilipotangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, muda huo ulikuwa siku 21, kwa sababu dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Waliofuatiliwa walifika 212, waliougua walikuwa 9, kati yao 6 wakafariki, na Juni 2 mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Watumishi wa afya na maabara hawawezi kuukomesha mlipuko wa namna hiyo peke yao, kwa kuwa anayejua nani alilala msibani na nani alisafiri baada ya matanga ni mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Uzito wa kimaadili wa kazi hii unaanzia katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Marburg huambukizwa kwa kugusana na damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na hauambukizwi na mtu ambaye hajaonyesha dalili. Hivyo orodha ya waliotangamana na mgonjwa huwa, kwa sehemu kubwa, orodha ya waliomhurumia, yaani mama aliyemlisha, ndugu aliyemwosha na muuguzi aliyemhudumia. Mamlaka inapoomba majina hayo inaomba kumbukumbu ya matendo ya huruma, na jamii inapowanyanyapaa walioorodheshwa huwaadhibu watu kwa sababu ya wema wao, jambo ambalo hakuna dini wala falsafa ya haki inayoweza kulihalalisha.

Mafundisho ya dini yanaonekana kuvuta pande mbili. Kwa upande mmoja, Kurani katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza tajassus, yaani kupeleleza mambo ya watu, na maadili ya utabibu tangu enzi za Wayunani yamemfunga mganga kutunza siri za mgonjwa. Kwa upande mwingine, uhai ni miongoni mwa mambo ambayo sheria ya Kiislamu ipo ili kuyalinda, na agizo la kumpenda jirani, ambalo Ukristo uliliweka katikati ya mafundisho yake, halina maana iwapo mtu anaweza kunyamaza huku jirani akielekea hatarini bila kujua. Khalifa Umar ibn al-Khattab, alipopata habari za tauni nchini Shamu, aliamua kurudi na msafara wake, na alipoulizwa na swahaba Abu Ubayda kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika nyingine. Tahadhari, kwa mtazamo huo, ni sehemu ya imani.

Mvutano huo unatatuliwa pale jina linapohesabiwa kuwa amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe na akitumie kwa lengo la makabidhiano tu. Mpelelezi huchukua habari ili amtie mtu hatiani. Mwenye kupokea amana huchukua habari ili awalinde walio ndani yake. Mtendaji wa kata anayeandika majina ya waliotangamana na mgonjwa yuko katika nafasi ya pili, lakini anaweza kuteleza na kuangukia ya kwanza kwa urahisi, kwa sababu mkono huohuo unaoandika majina ya afya ndio unaosimamia michango ya maendeleo na kusikiliza migogoro ya ardhi. Ikiwa orodha ya ugonjwa itatumika kesho kumsaka mdaiwa au kumbaini aliyeingia kijijini bila kibali, amana imevunjwa, na mlipuko utakaofuata utakutana na vinywa vilivyofungwa.

Mifano ya nchi za mbali inathibitisha jambo hili. Mwezi Mei 2020, maambukizi ya UVIKO-19 yalipohusishwa na kumbi za starehe za mtaa wa Itaewon nchini Korea Kusini, wengi waliokuwapo huko waliogopa kujitokeza wasije wakafichuliwa maisha yao binafsi, nayo serikali ya jiji la Seoul ikaruhusu watu kupimwa bila kutaja majina yao. Singapore, kinyume chake, iliwaahidi wananchi kwamba programu ya simu ya TraceTogether ingetumika kwa ufuatiliaji wa maambukizi tu, kisha Januari 2021 ikakiri kwamba polisi nao waliweza kuzipata taarifa zake, na ikalazimika kutunga sheria ya kuweka mipaka. Tanzania yenyewe ilianza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tarehe 1 Mei 2023, wakati mlipuko wa Kagera ukiwa haujatangazwa kwisha.

Kutunza siri, hata hivyo, ni nusu tu ya amana. Aliyeambiwa asitoke nyumbani kwa siku 21 hana kosa lolote, bali anabeba mzigo kwa faida ya wengine, na mkulima asiyefika shambani au mama lishe aliyefunga biashara yake analipa gharama hiyo kwa njaa ya watoto wake. Kitabu cha Mambo ya Walawi, katika sura ya 13 na ya 14, kinampa kuhani mamlaka ya kumtenga mwenye dalili kwa siku 7, lakini kinamwagiza pia amchunguze tena muda huo ukiisha, na atoke nje ya kambi kumwendea aliyetengwa ili kuthibitisha kupona kwake. Mamlaka ya kutenga imefungamanishwa hapo na wajibu wa kufuata, kuhudumia na kumrudisha mtu katika jamii yake.

Inaweza kupingwa kwamba virusi havisubiri uaminifu ujengwe, na kwamba katika dharura amri hutangulia maelezo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba amri huweza kumlazimisha mtu kufungua mlango, ila haiwezi kumlazimisha kukumbuka kwa ukweli. Orodha iliyopatikana kwa vitisho hujaa majina ya uongo na huwaacha nje wale hasa wanaohitaji kulindwa.

Kwa hiyo mgonjwa ana wajibu wa kutaja, na wajibu huo ni mzito kwa sababu uhai wa watu umo ndani yake. Lakini unakwenda sambamba na deni la mamlaka, na halmashauri inayotaka kutajiwa majina inapaswa kujifunga hadharani, kabla ya mlipuko kutokea, kwamba itayatumia kwa afya tu, itayafuta kazi ikiisha, na itawalisha wale inaowazuia. Mamlaka isiyotimiza masharti hayo isimlaumu mwananchi anaponyamaza.