Mwana wa Fundi Viatu na Maandishi ya Wafalme

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku hizi methali hii tunaitumia kumaliza ubishi, kana kwamba inasema tu kila mtu aachwe na maoni yake. Mimi naisikia kama onyo kwa wenye vyeo, wasije wakadhani akili imejenga kwao peke yao. Na kila ninapoisikia humkumbuka Georg Friedrich Grotefend.

Alizaliwa mwaka 1775 katika mji mdogo wa Münden, Ujerumani, mwana wa fundi viatu. Alisoma Göttingen, na tangu 1797 akawa mwalimu wa shule mjini humo. Ujuzi wake ulikuwa Kilatini na Kigiriki. Hakuwa bingwa wa lugha za Mashariki. Mwaka 1802 alibishana na rafiki yake Fiorillo, aliyefanya kazi maktabani: je, mtu aweza kusoma mwandiko ambao hajui herufi zake wala lugha yake? Grotefend akasema inawezekana, akaketi kuthibitisha.

Mwandiko wenyewe ulikuwa wa kikabari, uliochongwa kwenye mawe ya Persepolis, huko Uajemi. Nakala nzuri zilikuwa zimeletwa na Carsten Niebuhr, mpima ramani wa msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Wenzake wote msafarani walifariki. Yeye akaendelea peke yake, akapitia Maskati, akafika Persepolis mwaka 1765, na kwa majuma kadhaa akanakili kabari moja baada ya nyingine. Ndiye pia aliyetambua kwamba pale kuna miandiko ya aina tatu, mmoja ukiwa na alama chache kuliko mingine. Simtaji mwalimu wa Göttingen bila kumtaja na huyu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa mtazame mwalimu kazini. Hakuanza kwa kubahatisha herufi. Alianza na desturi ya wafalme. Mfaransa Silvestre de Sacy alikuwa amesoma maandishi ya wafalme wa Uajemi wa zama za baadaye, akakuta yanafuata mtindo mmoja: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Grotefend akawaza kwamba huenda waliowatangulia nao walijitambulisha hivyo hivyo. Sisi tuliozoea kujitaja fulani bin fulani hatuwezi kuona ajabu.

Akachukua maandishi mawili mafupi ya mwandiko ule wenye alama chache, akayalinganisha. Katika moja, mfalme anamtaja baba yake, lakini jina la baba halifuatwi na alama alizodhani zina maana ya mfalme. Katika la pili, mfalme mwingine anamtaja baba, na baba huyo ni yule mfalme wa kwanza. Kumbe ni vizazi vitatu: babu asiyetawala, mwanawe mfalme, na mjukuu mfalme. Nani hao? Hapo Kigiriki alichokisomea kikamfaa, kwa maana Wagiriki wa kale waliandika habari za nasaba hiyo. Akawapima Koreshi na Cambyses, akawaacha: majina yao huanza kwa sauti moja, na yale ya kwenye mawe hayakuanza kwa alama moja. Akampima Dario. Baba yake, Hystaspes, hakuwa mfalme. Mwanawe, Xerxes, alitawala baada yake. Yakaingia sawasawa, na kutokana na majina hayo matatu akaanza kupata herufi.

Septemba 1802 matokeo yake yaliwasilishwa kwa chama cha wanazuoni cha Göttingen. Walitoa muhtasari tu. Kazi kamili hawakuichapisha. Inaniuma hadi leo, maana hoja ilikuwa mezani kwao, wala haikuhitaji mwenye cheo ndipo ieleweke. Mwanahistoria Heeren ndiye aliyemstahi: mwaka 1805 akampa nafasi mwishoni mwa kitabu chake mwenyewe.

Grotefend hakuacha chaki. Alihamia Frankfurt, kisha mwaka 1821 akawa mkuu wa shule mjini Hanover, na katikati ya kazi hiyo akashughulikia sarufi ya Kilatini. Ni kweli herufi nyingi alizikosea. Wanazuoni Rask, Burnouf na Lassen walizisahihisha, na Mwingereza Rawlinson akafika mbali zaidi kwa maandishi marefu ya jabali la Behistun, huko huko Uajemi. Hilo halimpunguzii kitu. Anayefyeka njia msituni hatarajiwi pia kuifagia.

Alistaafu mwaka 1849, akafariki 1853. Taarifa zake za 1802 zilipatikana baadaye kwenye makaratasi ya Göttingen, na mwaka 1893 chama kilekile kikazichapisha, wakati wanazuoni wa Ulaya walipokuwa tayari wakisoma mabamba ya udongo ya kikabari ya Babeli na Ninawi.