Nani Akae Mbele?

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliwafungulia wanavijiji mlango wa kushiriki katika uhifadhi. Tangu hapo neno "wadau" halikosekani mikutanoni: serikali, wawindaji, watalii, wafadhili, wanavijiji, wote katika orodha moja. Lakini orodha ina juu na chini. Ni haki gani impandishe mtu juu?

Mtazame mama wa Lituhi, pwani ya Ziwa Nyasa, mahali palipokuwa Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwaka 2012. Anachota maji Ruhuhu, mto wenye mamba. Mtalii akichoka hurudi kwao. Mfadhili huhamia mradi mwingine. Mama huyu kesho atarudi na ndoo yake palepale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akiuawa na mamba, kanuni za mwaka 2011 huwapa wafiwa kifuta machozi. Jina lenyewe lakiri kwamba si fidia.

Nasema basi, wa kwanza awe yule asiye na pa kuhamia. Utaniuliza: je, akitaka mamba wote wauawe? Swali ni la haki, maana mamba naye ni mdau asiye na kiti, na watoto ambao hawajazaliwa vilevile. Kusikilizwa kwanza si kuamua peke yako. Ila asikilizwaye mwisho hukuta uamuzi umekwisha pikwa, akabakiwa na kupiga makofi. Kisha tunamshangaa kwa nini halindi mali tunayoiita yake.