Kidonge cha Mgongo na Utumbo Wenu

Wajukuu zangu, siku hizi mtu hasemi tena “naumwa mgongo”, anasema “nimeshameza”. Hamali wa Darajani anameza kabla ya kusukuma gari, jioni anameza tena. Mama wa mwani kule Paje na Jambiani, anayeshinda ameinama wakati wa bamvua, vidonge vyake vimo kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Siwalaumu. Mgongo unauma kweli na kazi haingoji. Ila asprini au daiklofenaki ikishakuwa ya kila siku, mwezi baada ya mwezi, utumbo unachubuka.

Tumbo hujikinga na asidi yake kwa ute, na ute huo mwili huutengeneza kwa msaada wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizohizo ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe. Bayer ya Ujerumani iliiingiza asprini sokoni mwaka 1899, lakini hadi 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipoonyesha kuwa inazuia prostaglandini. Kazi hiyo ikampatia Nobeli mwaka 1982. Basi kidonge kinachotuliza goti ndicho kinacholivua tumbo nguo.

Wapo wajuaji: “Bibi, changu kina ganda, hakiyeyuki tumboni.” Sawa, kinayeyukia utumbo mdogo, na huko nako kinachubua, damu ikavuja kidogo kidogo usiione. Utajikuta umepauka, na ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe ulizokuwa ukizipanda mbio sasa unazipanda kwa kuhema. Omeprazo mnayoikimbilia, ile dawa ya kupunguza asidi, hukinga tumbo na mwanzo wa utumbo. Chini zaidi haisaidii.

Tiba huanza kwa kuacha kinachochubua. Habasoda na asali tumieni, hata mie natumia, lakini hakuna kidonda kitakachopona vizuri huku kidonge kinaendelea kumezwa. Utando wa utumbo ukipumzishwa, mara nyingi hujijenga wenyewe. Daktari atakupima wingi wa damu, atamtafuta na yule bakteria wa vidonda vya tumbo, helikobakta pailori, maana yeye na asprini wakikutana kidonda huzidi. Akipatikana utapewa antibiotiki pamoja na omeprazo, na dozi imalizwe. Ukiandikiwa madini ya chuma ya kuongeza damu, choo kitageuka cheusi kwa ajili yake. Daktari mwingine akiwapima, mwambieni mapema asije akababaika.

Babu yenu aliyeandikiwa asprini ndogo ya moyo asiiache kwa maneno yangu. Akiiacha ghafla damu yaweza kuganda pabaya. Arudi kwa aliyemwandikia, huenda akaongezewa dawa ya kulinda tumbo.

Na hizi dawa za kukatiwa kwa mkasi dukani, mbili mbili, jina na tarehe vimebaki kwa muuzaji, mnajuaje mnameza nini? Wengine wanachanganya asprini na ibuprofeni wakidhani ni dawa za aina mbili, kumbe zote zinachubua mahali palepale. Ramadhani ndiyo basi tena: kichwa kinauma kwa kukosa kahawa, adhana ikilia mtu anafuturu kwa vidonge kabla ya tende. Kuleni kwanza.

Ukiona choo cheusi kinachonata na kunuka vibaya, au ukitapika damu, usingoje asubuhi wala usingoje mume arudi baharini. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huohuo. Ikikukuta mchana umefunga, fungua. Siku hiyo utailipa.