Blanketi la Viraka na Haki ya Kushukuriwa

Katika Sahihi ya Bukhari, Sahl bin Sa'd (R.A.) anasimulia habari ya mwanamke aliyemletea Mtume (S.A.W.) burda, yaani shuka la kujitanda lenye ukingo wa kufumwa. Alieleza kuwa amelifuma kwa mkono wake ili Mtume alivae. Mtume alilipokea, naye alikuwa na haja nalo, akatoka mbele za watu amelivaa. Mtu mmoja akalisifu, kisha akaliomba. Mtume akarudi ndani, akalikunja, akampelekea. Masahaba wakamlaumu yule mtu, maana alijua fika kuwa Mtume hamnyimi mwombaji. Akajitetea kuwa hakuliomba ili alivae bali liwe sanda yake, na kweli ndilo alilokafiniwa.

Tukiisoma hadithi hii darasani tunazungumza juu ya ukarimu wa Mtume, na juu ya kujuzu mtu kujiandalia sanda akiwa hai. Hayo ni sawa. Lakini mimi fikra zangu humfuata yule mwanamke. Jina lake halikutajwa. Alikaa kwenye kazi ile siku ngapi? Aliposikia kuwa shuka limekwenda kwa mtu mwingine, moyo wake ulisemaje? Hatukuambiwa. Tunachojua ni kwamba kabla shuka halijamtoka Mtume, alikuwa amelivaa mbele za watu.

Nauliza kwa sababu mwaka jana rafiki yangu aliolewa akahamia Kabale, na anayeijua Kabale anaijua baridi yake. Nilimshonea blanketi la viraka. Vipande nilivikusanya kwa mafundi cherehani wa hapa Mbale, vile vya vitenge vinavyobaki chini ya mashine, nikavikata miraba sawasawa, nikaviunga kwa sindano ya mkono usiku baada ya kudurusu, kisha nikatia bitana. Ilinichukua miezi minne. Siku ya harusi lilipokelewa pamoja na masufuria na bahasha, na kwenye daftari la zawadi likaandikwa: blanketi 1. Nilipopita kwao wakati wa likizo nilikuta limekunjwa mara nne juu ya meza, linapigiwa pasi. Pembeni lilikuwa na alama ya kuungua. Chai nilipewa, tena kwa ukarimu mkubwa, lakini la blanketi halikuguswa na yeyote.

Nilipowasimulia wenzangu wa bweni, jibu lilikuwa moja: "Dada, kama ulitoa kwa ajili ya Allah, unasubiri asante ya nini?" Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kwenye darsa zetu, na naona ni nusu ya ukweli inayosemwa kama ukweli wote.

Wanaolisema hutegemea Surat al-Insan, inapowasifu watu wanaolisha wala hawataki malipo wala shukrani. Tuangalie wanaolishwa ni nani: maskini, yatima na mateka. Hiyo ni sadaka. Zawadi, hadiya, ni mlango mwingine. Mtume alituhimiza tupeane zawadi ili tupendane, kwa hiyo mapenzi ndiyo yaliyokusudiwa. Aliyempa maskini chakula akaumia kwa kutosifiwa, na aikague niya yake. Lakini aliyempa rafiki yake zawadi akaona haijafika moyoni ameumia kwa jambo ambalo sheria yenyewe imelitarajia. Sioni vipi maumivu hayo yawe dalili ya riya.

Tena iko hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), katika Bukhari na Muslim, juu ya nguo yenye nakshi iliyotoka kwa Abu Jahm. Mtume aliswali nayo, nakshi zikamshughulisha, akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo yake nyingine isiyo na nakshi. Kwa nini aombe nyingine? Wanazuoni walioisherehesha hadithi hii wanasema ni ili Abu Jahm asidhani kuwa zawadi yake imedharauliwa. Zawadi haikufaa, na bado moyo wa mtoaji ulitazamwa. Hakuna aliyemwambia Abu Jahm kuwa kama alitoa kwa ajili ya Allah basi asijali.

Hilo ndilo linalonisumbua katika jibu la wenzangu. Wajibu wa kushukuru uko juu ya mpokeaji, na Mtume ameufunga pamoja na kumshukuru Allah: asiyewashukuru watu hakumshukuru Allah. Sisi tunauchukua wajibu huo, tunaugeuza kuwa mtihani wa ikhlasi ya mtoaji, na mpokeaji anakwenda zake akiwa mwepesi. (Siku hizi hata "jazakallahu khayran" imefupishwa kwenye simu ikawa herufi tatu, na hizo nazo ukibahatika.)

Upande wa pili lazima niuseme pia. Kushukuriwa kwangu ni wajibu wake, lakini si deni ninaloweza kulidai. Umar (R.A.) alimpa mtu farasi katika njia ya Allah, na yule mtu hakumtunza. Umar akataka kumnunua. Tazama, kumnunua kwa pesa yake! Mtume akamkataza, asiirudie sadaka yake. Na sisi Mashafii tumesoma kuwa zawadi ikishapokelewa imehama milki. Isipokuwa mzazi kwa mwanawe, mtoaji hana njia ya kuirudisha. Blanketi ni lake. Akitaka alipigie pasi, akitaka amtandikie paka.

Kuna wanaotaka malipo waziwazi, na sheria inawajua. Wamaliki wana mlango wa hiba ya thawabu, anayoitoa mtu akikusudia alipwe. Michango yetu ya harusi, inayoandikwa ili irudishwe siku yako ikifika, nadhani iko karibu zaidi na mlango huo kuliko hadiya, na sidhani kuna ubaya ikijulikana hivyo. Ila daftari moja linawachanganya wote, aliyeweka akiba na aliyeleta mapenzi.

Kinachobaki kigumu ni ulimi. Qur'ani imekataza masimbulizi, na mpaka wake ni mwembamba. Kumwuliza "linakufaa usiku?" naona ni swali la rafiki. Kumwambia "lilinichukua miezi minne" ni ukweli, lakini ukweli huo ukishatamkwa mbele yake sijui utaitwa jina gani lingine. Ninyi wasomaji nimewaambia kwa sababu hamumjui.

Ijumaa nitampigia simu. Nitamwuliza habari za mtoto anayemtarajia, na kama baridi ya Kabale imepungua.