Hukumu na Sababu Yake

Mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974, baadhi ya wahakiki walikana kwamba yaliyomo ni mashairi, kwa kuwa hayakufuata vina na mizani. Hukumu ilikuwa kali, lakini ilikuja na hoja, na hoja hujibika: wanamapokeo waliotetea kanuni hizo na wanausasa walioziacha walibishana kwa miaka, na ushairi wa Kiswahili ukapanuka. Wapo wasemao ukali huwavunja moyo waandishi chipukizi. Ni kweli, hasa darasani. Lakini kinachovunja zaidi ni lile neno “vibaya” lililoandikwa kwa wino mwekundu pasipo maelezo. Sifa tupu nazo hazimfundishi mtu. Mwalimu, unaposahihisha insha leo, mwonyeshe mwanafunzi sentensi iliyolegea, kisha umweleze kwa nini.