Taipureta na Vumbi la Dubai

Pale Dubai, maduka wanakojaziwa fomu wageni bado yanaitwa ya kupiga chapa, ingawa ndani ni kompyuta tu. Jina hilo limebaki kutoka enzi za taipureta. Ile ya Kiarabu, ambayo Selim Haddad aliipatia hataza Marekani mwaka 1899, huandika kuelekea kushoto, kwa hiyo kigari chake cha karatasi husogea kulia. Anayeifufua leo huanza na brashi na spiriti, si mafuta. Mafuta mengi hunasa vumbi, na vumbi la huko, wakazi wa mtaa wa Deira wanalijua! Herufi zilizolika? Mimi ningeziacha, zimebeba maombi ya kazi ya watu wengi. Ila kamba ya kigari ikikatika, badilisha bila huruma. Bila hiyo kigari hakisogei hata nafasi moja.